Saa ya kompyuta, kasi na usahihi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimekuwa nikiulizwa na wenzangu wanaoandika programu za seva, mengi yakija usiku na karibu yote yakianza na "mbona". Mifano mingi ni ya Linux kwa sababu ndiko ninakoshinda kutwa. Windows na vivinjari nimewagusa pale walipohusika.

Kwani kuuliza saa kunagharimu nini? Si ni namba tu?

Ni namba, ila lazima mtu akaichukue mahali. Kwenye Linux ya leo na prosesa ya kawaida, `clock_gettime`, mwito wa kuuliza saa, hurudi ndani ya nanosekunde 20 hadi 30 hivi. Kasi hiyo inapatikana kwa sababu kerneli, moyo wa mfumo endeshi, hupachika ndani ya kila programu kipande kidogo cha kumbukumbu kiitwacho vDSO. Programu inasoma rejista ya prosesa iitwayo TSC, inazidisha, inajumlisha na namba ambazo kerneli imeziacha pale, basi. Mlango wa kerneli haujaguswa.

Njia hiyo ikiziba, programu inalazimika kubisha hodi kwa kerneli, na bei inapanda hadi mamia ya nanosekunde. Na kama kerneli yenyewe inategemea saa iliyo nje ya prosesa, mathalani HPET, kila usomaji ni safari ya kwenda chipu nyingine na kurudi: mikrosekunde 1, pengine zaidi. Anayeuliza saa mara moja kwa dakika hataona tofauti. Anayeuliza mara 200,000 kwa sekunde ataona seva inahema.

Kompyuta moja ina saa ngapi?

Nyingi kuliko unavyodhani, na kila moja ina historia yake. Kuna ile ya betri inayokumbuka tarehe mashine ikizimwa, inayodunda mara 32,768 kwa sekunde. Kuna PIT, tuliyorithi kutoka IBM PC ya 1981, yenye mapigo 1,193,182 kwa sekunde. Namba hiyo ya ajabu ilitoka kwenye fuwele ya televisheni za rangi za Marekani, iliyokuwa rahisi kupatikana, ikagawanywa kwa 12. Saa ya ACPI ni fuwele ileile kugawanya kwa 4. Kuna HPET. Na kuna TSC, iliyoingia na Pentium mwaka 1993.

TSC ndiyo ya haraka kuliko zote, lakini kwa miaka mingi haikuaminika. Ilikuwa inahesabu mizunguko ya prosesa, kwa hiyo prosesa ikipunguza mwendo kuokoa umeme, na saa inapunguza mwendo. Kwenye mashine za kori mbili za mwanzo mambo yalikuwa mabaya zaidi: kila kori na hesabu yake. Programu ikihamishwa kutoka kori hii kwenda ile, muda unarudi nyuma. Ndiyo maana mashabiki wa HPET walikuwepo, na walikuwa na haki. Tangu kizazi cha Nehalem cha Intel, mwaka 2008, TSC hudunda kwa mwendo mmoja hata prosesa ikisinzia, na kwa mashine nyingi mjadala ukaishia hapo.

`clock_getres` inaniambia hatua ya saa yangu ni nanosekunde 1. Kwa hiyo saa yangu ina usahihi wa nanosekunde?

Hapana. Nenda sokoni utakuta mizani ya kidijitali inayoonyesha gramu moja moja huku imekaa juu ya meza iliyoinama. Tarakimu ni nyingi, uzito si wenyewe.

Hatua ndogo ni jambo moja. Kulingana na saa ya dunia ni jambo la pili: fuwele ya kawaida inayokosea sehemu 20 kwa milioni itakupotezea sekunde 1.7 kwa siku, hata kama inahesabu nanosekunde. La tatu ni muda unaotumika kuisoma. Ukipima kazi ya nanosekunde 5 kwa saa inayochukua nanosekunde 25 kusomwa, umejipima mwenyewe.

Nitumie saa ipi?

Jiulize kwanza swali lako ni "saa ngapi?" au "imechukua muda gani?". Watu huchanganya haya mawili, na hapo ndipo hitilafu nyingi ninazoitiwa huzaliwa.

Saa ngapi: `CLOCK_REALTIME`. Inaweza kuruka mbele au kurudi nyuma mtu akiirekebisha. Usitoe tofauti ya masomo yake mawili ukaita matokeo hayo muda wa kazi.

Imechukua muda gani: `CLOCK_MONOTONIC`. Hairudi nyuma. Ipo na `CLOCK_MONOTONIC_RAW`, ambayo NTP, utaratibu wa kulinganisha saa za kompyuta kupitia mtandao, haiigusi. Inamfaa anayepima fuwele yenyewe, wengine waipite tu.

Halafu kuna `CLOCK_MONOTONIC_COARSE`, na hapa ndipo kasi inaponunuliwa kwa usahihi waziwazi. Haisomi chombo chochote. Inakupa muda ambao kerneli iliuandika kwenye mdundo wake wa mwisho, kwa gharama ya nanosekunde chache. Kerneli ikidunda mara 250 kwa sekunde, jibu lako linaweza kuwa limechelewa kwa milisekunde 4. Ikidunda mara 1,000, milisekunde 1. Kwa kujua kama kikao cha mteja kimepitisha dakika 30, inatosha na kubaki. Kwa kupima swali la hifadhidata linalochukua mikrosekunde 300, utapata sifuri, sifuri, sifuri, kisha 4. Nimewahi kumwona mtu akisherehekea hizo sifuri.

Seva yangu imepungua kasi ghafla na sijagusa kitu. Inaweza kuwa saa?

Inaweza. Kilinipata. Tulikuwa na huduma inayopokea maombi kama 6,000 kwa sekunde, na kila ombi liliandika muda kwenye hatua karibu 40 za safari yake. Nilipenda vipimo kupita kiasi. Tukahamia kwa kampuni nyingine ya kukodisha seva, jina tuliache. Prosesa mpya zaidi, kumbukumbu zaidi, bei ileile. Huduma ikawa nzito. Siku mbili nzima tulilaumu hifadhidata.

Siku ya tatu nikaendesha amri hii:

`cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource`

Jibu: `hpet`. Nikaenda kwenye `dmesg`, orodha ya ujumbe wa kerneli, nikakuta mstari uliokuwa umekaa pale tangu mashine iwashwe: `Marking clocksource 'tsc' as unstable`. Kerneli ina mlinzi anayelinganisha TSC na saa nyingine kila baada ya muda mfupi. Akiona zinapishana kupita kiasi anaitupa TSC na kuchukua ya polepole. Yeye kazi yake ni usahihi, kasi haimhusu, na hakuna kengele inayolia.

Piga hesabu: mara 40 kwa maombi 6,000 ni masomo 240,000 kwa sekunde. Kila moja likila mikrosekunde 1.5, umepoteza sekunde 0.36 za prosesa katika kila sekunde. Tena HPET ni moja kwa mashine nzima, kori zote zinaisubiri kwa foleni. Nikapunguza alama za muda kutoka 40 hadi 6 usiku uleule, na wenye mashine wakarekebisha upande wao wiki iliyofuata. Kusema kweli zile 34 nilizoondoa hakuna aliyewahi kuziuliza.

Kwenye mashine pepe tatizo hili lilikuwa la kawaida sana. Mashine nyingi za wingu zilizotumia Xen, programu ya kuendesha mashine pepe, zilikuwa na chanzo cha saa ambacho hakikupita kwenye vDSO, na kila kuuliza saa kulikuwa ni kuingia kerneli.

Si nisome TSC moja kwa moja kwa `rdtsc`, nimalizane na kerneli?

Unaweza, na utaokoa nanosekunde chache. Utabeba mzigo pia. Prosesa haifuati foleni: inaweza kuanza maagizo ya mbele kabla ya yale uliyoyaandika kwanza, na `rdtsc` yako ikatekelezwa kabla kazi unayoipima haijaisha. Dawa ni maagizo ya kuilazimisha ingoje, `lfence` au `rdtscp`, nayo yana gharama. Pia utapata mapigo, si sekunde, na kuyabadilisha itakubidi ujue mwendo wa TSC, ambao mara nyingi si ule uliochapishwa kwenye boksi wala ule prosesa inaokimbia nao sasa hivi. Kama huandiki kipimo cha ngazi ya maagizo ya mashine, achana nayo.

Kila nikipima programu yangu napata namba tofauti. Ipi ya kweli?

Zote ni za kweli. Zinajibu maswali tofauti. Hapa nitakaa kidogo.

Kelele za mashine zina upande mmoja. Kikatizo cha mtandao, kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa) iliyochafuliwa na programu nyingine, prosesa iliyopata joto ikashusha mwendo: vyote vinaongeza muda, hakuna kinachoupunguza chini ya kile kazi inachohitaji. Kwa hiyo unapolinganisha njia mbili za kupanga orodha, kazi ya prosesa tupu, muda mdogo kuliko wote katika majaribio mengi ndio unaokaribia gharama halisi. Wastani hapo unakupimia majirani.

Lakini mteja anayesubiri malipo yake yathibitishwe haishi kwenye muda mdogo kuliko wote. Anaishi kwenye siku mbaya. Kwake angalia mkia: kati ya maombi 1,000, yale 10 yaliyochelewa zaidi yalichelewa kiasi gani? Na hapa kuna mtego ambao mhandisi Gil Tene ameupigia kelele kwa miaka mingi. Chukua chombo kinachotuma ombi moja kila milisekunde 10, kikingoja jibu kabla ya kutuma lingine. Katika sekunde 10 seva inaganda kwa sekunde 1 nzima. Chombo nacho kinaganda kikisubiri, kisha kinaendelea. Mwisho kinaripoti maombi 900 ya haraka na moja la polepole. Safi! Ila wateja halisi wasingengoja zamu. Katika sekunde ile iliyoganda wangefika 100, na wote wangekwama. Ukweli ni mmoja kati ya 10, ripoti inasema mmoja kati ya 901. Saa ilikuwa sahihi muda wote. Kilichokosewa ni lini iliulizwa.

Kwa kazi fupi, usizungushie saa kila mwito. Soma saa, rudia kazi mara milioni, soma tena, gawanya. Halafu hakikisha matokeo yanatumika mahali, hata kwa kuyachapa mwishoni, la sivyo kompaila itaona kitanzi hakina faida na kukifuta. Ukipata programu inayofanya kazi milioni kwa nanosekunde 0, usiandike makala ya ushindi bado.

Je, uchaguzi wa saa umewahi kuharibu majaribio ya watu wazito?

Umewahi, mara mbili ninazozikumbuka vizuri. Mwaka 2013 HWBOT, wanaotunza rekodi za watu wanaosukuma prosesa kupita mwendo wake, waliyakataa matokeo ya Windows 8. Kwenye prosesa kadhaa, ukibadilisha mwendo wa msingi ukiwa ndani ya Windows, saa ya mfumo nayo inateleza. Saa ikienda polepole, mashine inaonekana ya haraka. Mtu angeweza kuvunja rekodi bila kuongeza kasi yoyote.

Ya pili ni ya Aprili 2018. Tovuti ya AnandTech ilichapisha uchambuzi wa Ryzen, prosesa za AMD, za kizazi cha pili, na baadhi ya namba zao hazikufanana na za wengine. Walipochimba wakakuta mpangilio wao wa majaribio ulikuwa unalazimisha HPET. Walifanya hivyo kwa nia njema kabisa, ili saa iwe sahihi hata mwendo wa prosesa ukibadilishwa. Gharama ya kuisoma ilishusha matokeo ya michezo kwenye mashine za Intel kuliko za AMD. Wakaeleza hadharani na kurudia majaribio. Napenda kisa hiki kwa sababu hakuna mjinga ndani yake.

Faili mbili nimeziandika kwa kufuatana, mbona zina muda mmoja hadi nanosekunde ya mwisho?

Kwa sababu Linux kwa miaka mingi iliweka muda wa faili kwa ile saa ya mdundo. Kusoma saa kamili kila faili linapoguswa kulionekana ni anasa, kwa hiyo mabadiliko yote ndani ya milisekunde 4 hupewa muhuri uleule. Anayeumia ni `make` inayojenga programu kwa kuangalia muda wa faili, chombo cha kunakili faili, au mteja wa NFS (faili zinazosomwa kupitia mtandao) anayejiuliza kama nakala yake imepitwa. Linux 6.13, ya Januari 2025, ilileta suluhisho zuri: muhuri wa bei nafuu unaendelea kutumika, ila kama kuna aliyeuangalia tangu mara ya mwisho, badiliko linalofuata hupewa muda kamili. Unalipia usahihi pale tu kuna anayetazama.

Kwenye Windows nimeomba kulala milisekunde 1, nikaamka baada ya 15. Kwa nini?

Mdundo wa kawaida wa Windows ni mara 64 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 15.625, na usingizi huisha mdundo unapofika. `timeBeginPeriod(1)` huukaza, lakini prosesa ikiamshwa mara 1,000 kwa sekunde betri ya laptopu inakwisha haraka. Zamani programu moja iliyoomba hivyo ilibadilisha mashine nzima. Tangu Windows 10 toleo la 2004 athari hiyo haienei tena kwa wote. Kwa kupima muda tumia `QueryPerformanceCounter`.

Mbona kivinjari kinanipa saa butu?

Kwa makusudi. Spectre, shambulio dhidi ya prosesa lililotangazwa Januari 2018, huiba siri kwa kupima kama data imo kwenye kache au la, tofauti ya makumi ya nanosekunde. Wenye vivinjari wakaifanya saa kuwa butu. Firefox ilishusha `performance.now()` hadi hatua za mikrosekunde 20 kwa kuanzia, na `SharedArrayBuffer`, kumbukumbu inayotumiwa na nyuzi kadhaa za programu kwa pamoja, ikazimwa kwa muda kwa kuwa ingeweza kugeuzwa kuwa saa.

Naweza kuhifadhi muda kama desimali ya kawaida?

Namba ya desimali ya biti 64 ina biti 53 za tarakimu. Sekunde tangu 1970 zinameza 31 kati ya hizo, zinabaki 22 za sehemu ndogo: hatua ya nanosekunde 238 hivi. Ndiyo sababu Python 3.7 iliongeza `time_ns()`.

Usiidharau. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa Marekani ulishindwa kulizuia kombora la Iraki, wakafa askari 28. Mtambo ulihesabu sehemu za kumi za sekunde na kuzigeuza kwa rejista ya biti 24, na moja ya kumi haiwezi kuandikwa kikamilifu kwa mfumo wa mbili. Baada ya saa 100 za kuwashwa mfululizo, kosa lilikuwa sekunde 0.34. Kombora la aina ile katika muda huo linakwenda zaidi ya nusu kilomita.

Sekunde ya nyongeza inatuhusu huku?

Ni sekunde moja inayoongezwa mara chache ili saa ya dunia isipishane na mzunguko wa dunia. Inatuhusu, tena ina saa yake ya kutusumbua. Huongezwa usiku wa manane kwa saa ya UTC, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa tisa usiku. Julai mosi 2012, muda huo, seva nyingi za Linux zilipandisha prosesa hadi asilimia 100: kerneli iliongeza sekunde bila kuziarifu saa zake za ndani za kusubiria, na programu zilizoomba kusubiri kidogo zikawa zinaamshwa papo hapo, bila kikomo. Java na MySQL ziliumia sana. Dawa iliyozunguka ilikuwa `date -s "$(date)"`, yaani kuiwekea saa muda uleule ilionao.

Januari mosi 2017 ikawa zamu ya Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao: programu yao ya DNS (inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) iliyoandikwa kwa lugha ya Go ilitoa tofauti ya nyakati mbili, ikapata namba hasi, ikaanguka. Agosti mwaka huo Go 1.9 ikaanza kubeba saa isiyorudi nyuma ndani ya kila muda. Google wao huisambaza sekunde hiyo kidogokidogo kwa saa 24, kwa hiyo kwa siku nzima saa yao si sahihi kabisa, lakini hairuki. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo wa kimataifa uliamua utaratibu huu ubadilishwe ifikapo 2035.

Seva zetu zote zina NTP. Mbona kwenye faili za kumbukumbu za matukio (log) jibu linatangulia swali?

NTP hudhani safari ya kwenda na ya kurudi ni sawa. Pakiti ikienda kwa milisekunde 20 na kurudi kwa 80, kwa kuwa njia za mtandao si moja, saa yako itakosea kwa 30 na hakuna kitakachokuambia. Kurekebisha nako kuna mwendo wake: Linux kwa kawaida huisukuma saa isizidi sehemu 500 kwa milioni, kwa hiyo kufuta kosa la sekunde 1 ni zaidi ya nusu saa.

Google kwenye Spanner, hifadhidata yao iliyosambaa duniani, walikubali yaishe. Saa yao, TrueTime, haitoi nukta. Hutoa kipande, "sasa ni kati ya hapa na hapa", na muamala husubiri hadi kipande hicho kipite. Katika maelezo yao ya 2012 upana wa shaka ulikuwa milisekunde 1 hadi 7. Sisi tusio na saa za atomiki kwenye kila kituo tupange matukio kwa namba za mfululizo, muda ubaki kwa ajili ya macho ya binadamu.

Basi niilazimishe kerneli itumie TSC?

Unaweza, kwa `tsc=reliable` wakati wa kuwasha. Soma `dmesg` kwanza. Kama mlinzi aliitupa kwa haki, utapata seva yenye kasi ambayo muda unarudi nyuma, na simu ya saa tisa usiku itakuwa yako.